Bei ya Leo Tu

Mnunuzi wa kahawa pale Bwera hakubali bei kabla hajatia punje mdomoni. Anaokota moja ya kahawa ya ganda, anaiuma kwa meno ya pembeni, anasikiliza. Ikikatika kwa mlio mkavu, mazungumzo yanaendelea. Jino likizama, mzigo haujakauka, na mwenye mzigo ama ashushe bei ama arudi akaanike. Mnunuzi wa maharagwe naye ana bambo lake, kile chuma chenye mfereji. Analichoma katikati ya gunia, maana anajua juu pamepambwa. Mtu niliyekaa naye wiki mbili zilizopita katika mkahawa mmoja karibu na mpaka wa Mpondwe, kati ya Uganda na Kongo, amefanya kazi hizo zote mbili kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliweka mezani bahasha ya plastiki, akatoa mkataba wa kurasa kumi na tisa aliousaini pwani ya Kenya, likizo ya watoto, baada ya kuketi kwenye kiti kwa dakika tisini. Hakuuma chochote.

Simtaji jina, ingawa hata ningelitaja lisingekusaidia: kwetu majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, na kila nyumba ina Bwambale wake. Alichonunua ni haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika chumba cha hoteli ya ufukweni. Wauzaji wanaiita taimushea. Mimi nitaiita wiki ya zamu, kwa sababu ndivyo ilivyo: chumba kimoja, wenye nacho wengi, kila mmoja na zamu yake.

Msimamo wangu nauweka mapema. Wiki ya zamu ina mnunuzi wake halali, ingawa kati yetu ni wa kuhesabu kwa vidole. Lakini hakuna familia, ya Bwera wala ya London, inayopaswa kuinunua siku ileile ilipoonyeshwa. Punguzo la "leo tu" ni pesa anayokulipa muuzaji ili umwachie usiku wako mmoja wa kufikiri. Anaununua kwa bei ya chini, kwa sababu anajua thamani yake kuliko wewe.

Biashara yenyewe si ya jana. Ilianzia Ulaya katika miaka ya 1960: Hapimag iliundwa Uswisi mwaka 1963, na hoteli za kuteleza kwenye theluji katika milima ya Alps ya Ufaransa zikafuata muda si mrefu. Mwaka 1974, huko Indianapolis nchini Marekani, ikaanzishwa RCI, kampuni ya kuwawezesha wenye wiki kubadilishana: wewe una wiki Florida, mwenzako anayo Hispania, mnapishana. Wazo halina ubaya. Watu ambao hawawezi kumiliki nyumba ya likizo peke yao wanaichangia. Wachuuzi wanaochangia lori moja kutoka Kampala wanalielewa bila kuelezwa.

Tofauti iko kwenye bei ya kuingilia. Tuchukue tarakimu za mfano, rahisi kuzishika. Chumba kimeuzwa kwa wiki 50, mbili zikibaki za ukarabati, kila wiki kwa shilingi za Uganda milioni 30. Chumba hicho kimoja kimeingiza shilingi bilioni 1.5. Hakuna chumba cha vitanda vinne kinachogharimu hivyo kukijenga. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imelipia chakula cha jioni cha bure, mkufu wa shanga aliopewa mama, teksi iliyowafuata hotelini, na kamisheni ya kijana mchangamfu aliyekaa mkabala nanyi. Ndiyo maana siku ukitaka kuiuza wiki yako, bei inaporomoka. Anayenunua mkononi mwako hakuli chakula cha mtu, kwa hiyo hana sababu ya kukilipia. Marekani kuna wenye wiki wanaozitangaza kwa dola moja, wapate tu wa kuwatua mzigo wa ada ya matunzo ya kila mwaka.

Sasa tuingie chumba cha mauzo, maana humo ndimo kazi inamofanyika. Mwaliko unakuja ufukweni au kwenye ukumbi wa hoteli: njooni mle, mpate zawadi, hakuna anayelazimishwa kununua. Masharti ni mawili tu, mkae dakika tisini na mje mume na mke pamoja. Sharti la pili husikika kama adabu. Mimi naona ndiyo silaha yao kali kuliko zote. Watu wetu wana njia ya kutoka kwenye biashara bila kumvunjia mtu heshima: "Ngoja nimuulize mama watoto." Mke naye anasema, "Mpaka mzee arudi." Kila mchuuzi wa Mpondwe anajua kwamba mara nyingi hakuna wa kuulizwa. Maneno hayo yanaomba muda, na muda hutolewa. Mkiwa wote wawili mezani, njia hiyo imezibwa na nyinyi wenyewe mmesaidia kuiziba.

Kisha kuna chakula. Mtu aliyekulisha humwachi mezani ukaenda zako, si hapa milimani wala kokote Afrika Mashariki. Zawadi ile ni ndogo, lakini inakufanya mgeni, na mgeni ana deni la kusikiliza. Kijana anauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza: watoto wangapi, mara ya mwisho mlisafiri lini, baba yako alipata kuiona bahari? Rafiki yangu aliniambia swali hilo la mwisho lilimgusa. Baba yake alifanya kazi Kilembe hadi mgodi uliposimama mwaka 1982, na alikufa bila kuvuka Kampala. Baada ya swali hilo, bei ilipotajwa, hakuisikia kama bei ya chumba.

Bei nayo haiji mara moja. Ya kwanza ni kubwa ya kutisha, ikataliwe. Anakuja msimamizi, anaishusha. Mnasita, anakuja mwingine mwenye tai, anashusha tena na kusema hii ni ya leo tu. Meza ya jirani watu wanapiga makofi, kuna familia imesaini. Mfanyabiashara anayeona bei imeshuka mara tatu anadhani amepatana vizuri. Ndipo ujuzi wake wa soko unapomgeuka: kupatana anakujua, bidhaa haijui. Kahawa angeiuma. Wiki ya mwaka 2037 ataiumia wapi?

Kwa hiyo nakataa maneno niliyoyasikia mtaani baada ya habari kuvuja, kwamba wanaonaswa ni washamba au walafi. Aliyenaswa hapa ni mtu makini kuliko wengi. Kinachombadilisha mtu ni hali aliyo nayo. Likizoni moyo ni mwepesi, watoto wanacheka, mkoba una pesa zilizotengwa kutumika, na nyumbani na shida zake ni zaidi ya kilomita 1,400. Kasese tunalijua jambo hili kwa sura nyingine. Ploti kando ya mto Nyamwamba ukionyeshwa kiangazi ni nzuri: maji yanapita chini kabisa, upepo kutoka Rwenzori, mawe laini ya kuanikia nguo. Mei 2013 mto uliteremka na magogo na mawe ukabomoa nyumba Kilembe hadi mjini Kasese, ukarudi tena 2014, na Mei 2020 ukaivamia hata hospitali ya Kilembe. Aliyenunua kiangazi alionyeshwa mto wa kiangazi. Angerudi mara moja tu wakati wa mvua, au angemuuliza mzee yeyote wa pale, bei ingekuwa nyingine au kusingekuwa na bei.

Turudi kwenye hesabu, kwa tarakimu zilezile za mfano. Milioni 30 za kununulia. Ada ya matunzo shilingi milioni 1.2 mwaka wa kwanza, ikipanda 8% kila mwaka, na mikataba ya aina hii karibu yote huruhusu ada ipande. Kwa miaka 15, ada peke yake itafika kama milioni 32.6, zaidi ya bei uliyonunulia. Jumla ni milioni 62.6. Mkienda kila mwaka bila kukosa, wiki moja imewagharimu karibu milioni 4.2, kabla ya nauli na chakula. Mkienda mwaka mmoja kati ya mitatu, na nitaeleza kwa nini hilo ndilo la kutegemea, kila wiki imewagharimu milioni 12.5. Kwa pesa hiyo hoteli nzuri kuliko ile ingewapokea kwa maua.

Ada hiyo, tena, aghalabu huandikwa kwa dola. Mwaka 2010 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,200. Ndani ya miaka mitano ilipita 3,500. Ada ya dola 600, hata bila kuongezwa senti, ingetoka shilingi milioni 1.32 hadi milioni 2.1. Nilipomwandikia rafiki yangu hesabu hiyo nyuma ya bahasha, alinyamaza. Yeye hubadilisha faranga za Kongo, shilingi na dola kila siku ya soko, na hakubali kukopesha mzigo kwa sarafu asiyouzia. Pale ufukweni alikubali deni la dola lisilo na mwisho, yeye ambaye mapato yake yote ni shilingi na faranga.

Kwa nini nasema mwaka mmoja kati ya mitatu? Angalia mwaka wa familia ya Bwera. Kuna karo mara tatu. Kuna mazishi, ambayo hayaombi ruhusa. Mpaka wenyewe una tabia zake: Ebola iliyovuka kutoka Kongo Juni 2019, kufungwa kwa mipaka wakati wa korona mwaka 2020, vita upande wa pili ambavyo siku moja hupunguza soko na siku nyingine hulijaza watu wanaokimbia. Juni 2023 waasi waliua wanafunzi katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, na kwa muda mrefu baadaye hakuna mzazi huku aliyefikiria safari ya mbali. Wiki ya zamu humfaa mtu ambaye mwaka wake unajirudia. Wetu haujirudii, na ada hailiulizi hilo.

Halafu kuna hesabu ya vitanda. Chumba kile ni cha watu wanne. Nilimuuliza mke wa rafiki yangu, aliyekuja na chai ya tangawizi akaketi nasi, "Mama, familia yenu ni watu wangapi?" Akacheka. "Unawahesabu wanaolala au wanaokula?" Wana watoto watano, wapo wawili wa marehemu shemeji, na bibi. Mkataba ulioandikwa kwa baba, mama na watoto wawili umekuja nyumba ya watu kumi. Watakaobaki nyumbani kila mwaka watachaguliwa na nani?

Wapo watakaonijibu kwamba hiyo ni mali, watoto watairithi. Someni neno lenyewe kwenye mkataba. Mingi ya sasa haiuzi sehemu ya jengo. Inauza haki ya kutumia kwa miaka fulani, au pointi katika klabu. Muda ukiisha hakuna kitu mkononi, na kabla haujaisha kinachorithiwa pamoja na haki ni wajibu wa kulipa ada. Pale Katwe kuna familia zilizorithi mashamba ya chumvi ziwani, vizazi kwa vizazi, na shamba la chumvi linalisha mrithi. Hii mrithi ndiye atakayeilisha.

Hoja ninayoiheshimu ni nyingine, na mke wa rafiki yangu ndiye aliyeitoa. "Bila kununua," alisema, "huyu hatatutoa tena. Kila mwaka kuna mzigo, kuna gari, kuna mabati. Nilisaini ili tufungwe." Ana haki. Familia zetu za biashara hazijui kupumzika, na pesa isiyofungwa hurudi dukani. Sipingi kufungwa. Swali langu ni kamba gani na bei yake. Zile milioni 30 zingeweza kukaa katika hatifungani za serikali, ambazo Benki Kuu ya Uganda huziuza kuanzia shilingi 100,000 kupitia benki yoyote ya biashara. Tuseme zimetoa 10% kwa mwaka baada ya kodi, makadirio ya chini kwa hatifungani zetu za muda mrefu: ni milioni tatu kila mwaka, na mtaji uko palepale. Mwaka wa mazishi, milioni tatu zinasubiri. Mwaka wa raha, mnakwenda pwani, au karibu zaidi na nyumbani. Watu wanatoka Ulaya kuja kuona mfereji wa Kazinga na viboko wake, katika hifadhi iliyotengwa mwaka 1952 na kupewa jina la Malkia Elizabeth baada ya ziara yake ya 1954. Sisi tunaipita Kikorongo kwa basi tukiwa tumelala, ilhali raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya anachotozwa mgeni kwa dola. Watoto wangapi wa Bwera wamepanda boti ya Mweya kwenye mfereji huo?

Kuhusu sheria, wengi hudhani kwamba mkataba uliosainiwa kwa haraka unaweza kuvunjwa kwa haraka. Inategemea umesaini wapi. Umoja wa Ulaya uliwapa wanunuzi siku za kughairi kwa agizo la mwaka 1994, ukaziongeza hadi 14 kwa agizo la 2008, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata malipo ya awali. Kenya, katika Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012, imeitaja mikataba hii mahususi na kumruhusu mnunuzi kughairi bila kutoa sababu ndani ya siku 10 tangu apokee nakala ya maandishi. Uganda haina sheria maalumu ya wiki za zamu. Unabaki na Sheria ya Mikataba ya 2010, ambako itakubidi uthibitishe ulaghai au shinikizo lisilofaa, kazi ya wakili na ya muda mrefu. Linganisha na ardhi: Sheria yetu ya Ardhi hairuhusu kuuza wala kuweka rehani ardhi ya familia bila idhini ya mwenzi. Bunge lilitambua kwamba mambo mengine yanahitaji breki. Pesa iliyo kwenye simu haina breki hiyo.

Rafiki yangu alikuwa na siku zake 10 za Kenya. Hakuzijua, kwa sababu zimeandikwa ukurasa wa kumi na saba na bahasha haikufunguliwa hadi wiki ya tatu. Walirudi wakakuta misiba miwili. Kwa hiyo la kwanza ninaloshauri ni dogo la kuchekesha: ukisaini, soma siku hiyohiyo usiku, ukianzia nyuma. Barua ya kughairi iandikwe na kutumwa kwa njia inayoacha ushahidi wa tarehe. Simu ya pole kwa yule kijana haihesabiki. Na siku zikishapita, jihadhari na atakayekupigia akidai ana mteja wa wiki yako ila utangulize ada kidogo. Huyo ni mvuvi wa pili katika bwawa lilelile.

Kabla ya kusaini, ombeni kuondoka na mkataba mtupu, mkaulale. Muuzaji akikataa, mmeshaiuma punje na jino limezama. Akikubali, tafuteni bei ya wiki hiyohiyo kwa anayeiuza mkononi, na bei ya kulala hoteli hiyohiyo kama mgeni wa kawaida. Kama bado inalipa, na mna mwaka unaojirudia, na pesa ni taslimu isiyo ya mkopo, nunueni kwa amani. Sitawacheka.

Lakini dawa ninayoiamini zaidi tunayo tayari. Vikundi vya akiba vya kina mama, kuanzia Kyarumba hadi Karambi, hutunza pesa katika kisanduku chenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na hakifunguliwi ila kwenye mkutano. Hakuna muuzaji duniani anayeweza kuwakusanya wenye funguo watatu kwa dakika tisini.

Mama yule ameshafanya mpango. Bahasha ya plastiki imekwenda kwa wakili mjini Kasese, ambaye hakuwaahidi kitu. Kisanduku kipya cha likizo kiko chini ya kitanda cha bibi. Ufunguo mmoja anao yeye, mmoja ameachiwa mtoto wa kwanza. Wa tatu amepewa bibi mwenyewe, ambaye tangu asikie habari za mawimbi amekataa katakata kuiona bahari, na anataka kwanza aelezwe Mweya kuna nini.